Basi Tumeliona, Watoto Hatujawaona



Likizo iliyopita sisi mafrateri wanne tulipangiwa kazi ya kichungaji katika parokia moja wilayani Karatu. Mchana tulifundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na kusaidia kuvuna mbaazi za parokia. Jioni, baada ya sala za jumuiya, tulikuwa na jambo letu: kila mmoja anasoma hadithi fupi aliyoitunga, kisha wenyeji wanasema wanachofikiri. Kusema kweli tulitegemea makofi. Tunasoma falsafa, tuna kikundi cha uandishi hapa seminarini, na wasikilizaji wetu walikuwa watu wanaotoka shambani wamechoka. Nani angetukosoa?

Jioni ya pili mwenzetu mmoja alisoma hadithi ya basi la shule linaloanguka korongoni. Hakutaja jina la shule wala tarehe, lakini hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tarehe 6 Mei 2017, katika eneo la Marera, Rhotia, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha, waliokuwa wanakwenda Karatu kwenye mtihani wa ujirani mwema, liliacha barabara likatumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto watatu waliokolewa. Sisi wenyewe wakati huo tulikuwa sekondari, na kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa wapi aliposikia.

Mwenzetu alisoma kwa sauti nzuri. Basi liliyumba, likaserereka, likapinduka, likabingirika, vioo vikapasuka, vyuma vikalia. Ukurasa mzima wa vishindo. Alipomaliza, watu walikaa kimya. Tukadhani wameguswa. Kisha mama mmoja, ambaye shamba lake liko upande ule wa Rhotia, akasema taratibu: "Frateri, basi tumeliona. Limebingirika vizuri kabisa. Watoto hatujawaona."

Tangu jioni ile tumekuwa tukijadiliana maneno hayo kikundini. Makala hii ni matunda ya mijadala hiyo. Tunataka kueleza mambo mawili ambayo kila anayetunga hadithi hukutana nayo: namna ya kuweka mandhari, yaani mahali na wakati wa kisa, na namna ya kusimulia tendo lenyewe linapotokea. Sisi si mabingwa. Tumeharibu kurasa nyingi, na tutataja baadhi.

Jicho limekaa wapi?

Wengi wetu tulijifunza kuweka mandhari kupitia insha za shule ya msingi. "Ilikuwa siku ya Jumamosi, siku ambayo sitaisahau maishani mwangu. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba kwa furaha." Mwalimu alitupa alama, nasi tukaamini kuwa kila kisa huanza na jua na ndege. Ubaya wa sentensi hizo si kwamba ni za uongo. Ubaya wake ni kwamba zinaweza kuwekwa popote, Karatu, Kigoma au Kilwa, na hakuna mtu ndani yake anayetazama. Jua limechomoza kwa nani? Kwa mwanafunzi aliyechelewa paredi, au kwa muuguzi anayetoka zamu ya usiku?

Chukua kreta ya Ngorongoro. Mmoja wetu aliandika kwamba "ilikuwa na mandhari ya kuvutia sana". Tulipomwambia aongeze kitu, akaongeza takwimu: kingo zake ziko kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake iko mita 600 chini ya kingo, eneo lake ni kilomita za mraba 260 hivi. Zote ni sahihi. Lakini takwimu humpa msomaji habari, hazimpi macho. Kreta ile ile ni kitu kingine kwa dereva wa watalii anayeshuka asubuhi huku akisikiliza breki zake kuliko abiria wake. Ni kitu kingine tena kwa mzee wa Kimasai aliyewahi kuteremsha ng'ombe wakalambe chumvi, ambaye akitazama chini haoni "mandhari" hata kidogo. Anaona maji yako wapi na simba walilala wapi. Ni kitu kingine kwa kijana wa Karatu anayeuza mahindi ya kuchoma kandokando ya lami, ambaye huona magari yakipanda kwenda getini Lodoare na kurudi, na yeye hajawahi kuingia.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi moja ya mandhari, sisi sasa tunaulizana: jicho limekaa wapi, na ni la nani?

Swali hili si la mapambo. Tazama jinsi Ngorongoro ilivyosimuliwa duniani. Mwaka 1959, mwaka ule ule eneo la hifadhi ya Ngorongoro lilipoanzishwa, Wajerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti na Ngorongoro kwa ndege ndogo. Kitabu na filamu yao vilifika mbali sana. Michael hakuona mafanikio hayo. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24, rika letu kabisa. Amezikwa pale kwenye ukingo wa kreta, na kaburi lake tumelipita. Tunaheshimu kazi yao. Lakini jicho la ndege lina tabia yake: kutoka juu nyumbu ni mto mweusi unaotiririka, na mtu ni nukta. Wengi waliosimulia baadaye walibaki huko juu, nchi ikawa tupu, nzuri, bila mama anayekamua wala mtoto anayetafuta ndama.

Tangu mwaka 2022 familia nyingi za wafugaji zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Mjadala wa uhamaji huo ni mrefu, nasi hatuwezi kuumaliza katika makala ya uandishi. Tunasema jambo dogo tu linalotuhusu: maisha ya asubuhi moja katika boma ambalo halipo tena hayatahifadhiwa na takwimu ya hekta. Yatahifadhiwa na mtu atakayeandika mlango ulielekea wapi, moshi ulitokea wapi, na nani aliamka wa kwanza. Mtu huyo akiandika "mandhari ya kuvutia", basi yamepotea.

Mahali pa kusimama

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alilijua jambo hili, ingawa hakuwa mtunzi wa hadithi. Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, anamtaka anayesali aanze kwa kutunga mahali. Katika tafakari ya Noeli anaagiza kutazama kwa macho ya moyo njia ya kutoka Nazareti hadi Bethlehemu: ina urefu gani, ina upana gani, je, ni tambarare au inapita mabondeni na vilimani? Halafu pango: ni kubwa au dogo, dari yake iko juu au chini? Tulipofanya mafungo mwaka wa kwanza, baadhi yetu tuliona maswali hayo ni ya kitoto. Upana wa njia una uhusiano gani na wokovu? Sasa tunaelewa kidogo. Mama mjamzito anayepita njia nyembamba ya mlimani hawezi kutembea sambamba na mumewe. Mmoja atatangulia. Ukijua upana wa njia, umeshajua kwamba Yosefu alikuwa akigeuka nyuma kila mara.

Karne nyingi kabla yake, Aristotle aliandika katika kitabu chake cha ushairi kwamba mtunzi anapaswa kukiweka kisa mbele ya macho yake kana kwamba yupo palepale, la sivyo atajipinga bila kujua. Anatoa mfano wa mtunzi Carcinus, ambaye katika mchezo wake mhusika Amphiaraus alikuwa akitoka hekaluni. Kosa ambalo mtunzi hakuliona kwenye maandishi lilionekana jukwaani, watazamaji wakakasirika, mchezo ukaanguka.

Nasi tuna Carcinus wetu. Katika hadithi yake ya kwanza mwenzetu alimteremsha mhusika kwenye kreta kwa gari kupitia Lerai, machozi yakimtoka, msitu ukimfungukia mbele. Katekista mmoja ambaye mwanawe ni dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Magari hushukia Seneto na hupandia Lerai. Ni ile barabara ya upande wa Lemala inayotumika kwa kushuka na kupanda. "Huyo dada yako," akasema, "kabla hajafika kwenye huzuni yake angekutana na magari arobaini uso kwa uso." Hadithi ilikuwa ya mapenzi, lakini tangu hapo hakuna aliyesikiliza mapenzi.

Majina ya vitu nayo yana kazi. Mtu akiandika "miti" ametuacha gizani. Lerai ni jina la Kimaasai la mgunga wenye gome la njano. Anayeujua mti huo anaujua hata msitu ule kwenye sakafu ya kreta kabla ya kuelezwa. Oldupai, ambalo wageni waliliandika Olduvai, ni mkonge pori unaoota bondeni mle. Karatu ni mbaazi, ngano, mahindi, kahawa ya upande wa Oldeani, vitunguu vya Mang'ola vinavyopakiwa usiku kwenye malori, udongo mwekundu unaobaki kwenye pindo la kanzu hata baada ya kufua mara mbili (sakristia wetu ni shahidi). Lakini hapa pana mtego. Tulipogundua raha ya majina, tuliyamwaga. Hadithi moja ilikuwa na aina tisa za mimea kwenye aya moja, ikawa kama orodha ya mnada. Tunadhani viwili vinatosha, vikiwa ni vile ambavyo mhusika mwenyewe angevigusa.

Kazi ya -ka-

Tuje kwenye tendo. Hapa Kiswahili kimetupa vifaa ambavyo mara nyingi tunavitumia bila kuvitazama.

Kifaa cha kwanza ni kiambishi -ka-. Kitenzi cha -li- hufungua mlango, kisha -ka- huingiza matendo moja baada ya jingine: aliamka, akavaa, akatoka. Msomaji anajua papo hapo kwamba mambo yanafuatana, huhitaji "halafu" wala "baada ya hapo". Tazama Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Anafika, anaona, anahurumia, anakaribia, anafunga majeraha, anatia mafuta na divai, anampandisha juu ya mnyama wake, anampeleka nyumba ya wageni, anamtunza. Ni vitenzi vitupu, na kila kimoja kinamgharimu kitu. Mandhari yote ya kisa kile imebebwa na kitenzi kimoja mwanzoni: mtu yule alikuwa akishuka. Kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ni mteremko wa kama mita 1,000. Mtu wa Karatu aliyewahi kushuka kutoka ukingoni hadi sakafu ya kreta haelezwi maana ya njia kama hiyo: kona, mawe, mahali pa kujificha.

Lakini -ka- inalevya. Katika rasimu moja tulihesabu vitenzi 46 vya -ka- kwenye ukurasa mmoja. Akainuka akanawa akala akatoka akafunga akatembea akafika. Kila tendo lina uzito sawa na jingine, kunawa mikono na kumuaga baba anayekufa. Dawa yake ni kuukata mnyororo. Wakati mwingine unakatwa kwa -ki-, inayoonyesha jambo lililokuwa likiendelea tayari. Linganisha: "Alimkuta mama yake akilia" na "Alimkuta mama yake, akalia." Herufi moja tu imebadilika, lakini katika sentensi ya kwanza mama ndiye anayelia, na alianza kabla hatujafika, katika ya pili mtoto ndiye aliyelia, na alilia kwa kumwona. Anayetaka kuandika kwa Kiswahili na hasikii tofauti hiyo, tungemshauri aanze hapo kabla ya kusoma kitabu chochote cha nadharia.

Na kuna -li- inayorudiwa peke yake: "Alifika. Alikaa. Aliomba maji. Hakuyanywa." Inasikika kama maelezo ya polisi, na mwalimu angeisahihisha. Sisi tumeanza kuipenda kwa mahali pamoja tu: pale mhusika amepigwa na jambo kubwa na matendo yake yameachana, hayashikani tena.

Tembo kwenye mahindi

Tutoe mfano. Katika vijiji vya Karatu vilivyopakana na msitu wa Ngorongoro, tembo kuingia shambani si habari ngeni. Mwenzetu aliyezaliwa huko aliandika hivi kwanza:

"Usiku tembo waliingia shambani kwetu. Walikuwa wakubwa sana na wa kutisha. Baba alikuwa na ujasiri mkubwa. Alipambana nao kishujaa mpaka wakakimbia. Sote tulifurahi sana."

Tulimuuliza maswali kwa saa nzima. Ulijuaje wameingia? Ulikuwa umelala wapi? Nani alisema nini? Alirudi siku ya tatu na hii:

"Mbwa alibweka mara moja tu, akanyamaza. Baba akazima kibatari. Upande wa msituni bua la mhindi likavunjika, kacha. Kisha jingine. Kisha mengi kwa pamoja, kama mtu anayetembea juu ya kuni kavu bila haraka. Mama alikuwa ameshashika debe. 'Bado,' baba akasema. Tukasikia pumzi. Haikuwa mlio; ilikuwa pumzi tu, upande wa pili wa ukuta, ndefu kuliko ya mtu. Mdogo wangu akanishika mkono, ndi. 'Sasa!' Debe, sufuria, mfuniko, kila chenye sauti. Baba huyo nje na tochi, mbio, anaita jina la mjomba ambaye hata hayupo, na mahindi yetu yanalala mstari kwa mstari kuelekea msituni."

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba tembo ni mkubwa. Ukubwa uko kwenye pumzi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba baba ni jasiri. Na kwa kweli hatujui kama ni jasiri, kwa sababu anamwita mtu asiyekuwepo, jambo ambalo hufanywa na mtu mwenye hofu. Tendo lenyewe ni fupi. Kilicho kirefu ni kusubiri, na neno "bado" lina kazi kubwa kuliko debe. Halafu angalia mwisho: kitenzi kinatoweka ("baba huyo nje"), na wakati unageuka kutoka uliopita kuwa uliopo, "anaita", "yanalala". Bibi zetu hufanya hivyo wanaposimulia jikoni. Wanaanza na hapo kale, na kisa kikichemka utasikia "huyo anakuja, huyo anakuja". Hawakusomea popote.

Neno kuhusu maneno ya kuigiza sauti na hali, kama kacha, ndi, puu, chubwi, tifu, jii. Ni chumvi ya lugha yetu, na kama chumvi yakizidi chakula hakiliki. Mengine pia yamefungwa ndoa na maneno fulani mpaka hayasikiki tena: giza totoro, kulala fofofo, nyeupe pe. Msomaji huyapita bila kuona giza lolote. Ukitaka giza, ni afadhali mtu apapase ukuta akitafuta kitasa cha nyumba aliyoishi miaka kumi.

Haraka na polepole

Vijana tunapenda kasi. Injili ya Marko hutupendeza kwa sababu hiyo. Neno la Kigiriki tunalolifasiri "mara" limo mle mara 40 hivi. Lakini hata Marko, katika dhoruba ya ziwani sura ya 4, maji yakiwa yanajaa chomboni, anasimama na kutuonyesha mto wa kulalia, na Yesu amelala juu yake upande wa nyuma. Kati ya mawimbi yote tunakumbuka mto.

Mwalimu wetu mkubwa wa polepole ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika Seminari ya Rubya. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Myombekere anadaiwa pombe ya ndizi na wakwe ili arudishiwe mkewe, na Kitereza hairuki kazi hiyo. Anatupitisha humo hatua kwa hatua. Tuliposoma mara ya kwanza baadhi yetu tulilalamika kwamba hakuna kinachotokea. Tunaomba radhi. Kinachotokea ni kwamba mwanamume anampenda mkewe, na mapenzi hayo hayatajwi. Yako kwenye jasho la kazi. Mtu mwingine wa kisiwa hicho hicho, Euphrase Kezilahabi, aliyesoma Seminari ya Nyegezi, alifanya kinyume katika Rosa Mistika ya mwaka 1971: Zakaria anampiga binti yake kwa ajili ya barua ya mvulana, tendo la muda mfupi, na maisha yote ya Rosa yanapinda kuanzia hapo. Polepole au haraka, wote wawili wanajua tendo linampata nani.

Na kama kuna msimulizi mkongwe kuliko wote, yuko jirani zetu Laetoli, ndani ya Ngorongoro. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizobaki kwenye majivu ya volkano kwa miaka milioni 3.6, msururu wa kama mita 27. Nyayo za mmoja zimekanyagwa ndani ya nyayo za mwingine. Leakey aliona kana kwamba mmoja wao alisita, akageuka kidogo kushoto, kisha akaendelea. Hatuna sura zao wala sauti zao. Tuna tendo, tena dogo, la kusita. Kila mtu tuliyemsimulia huuliza swali lile lile: aliona nini?

Turudi Rhotia

Sasa tunaweza kusema mama yule alituonyesha nini. Mwenzetu alikuwa ameandika tendo bila mtu. Basi ndilo lililokuwa mhusika. Watoto walikuwa abiria wa vitenzi vyake. Kosa hilo katika hadithi ya tembo ni kosa la sanaa tu. Katika hadithi ya msiba uliowapata watu, ambao mama zao bado wanaamka kila asubuhi, lilitutia aibu. Tulijadili kama tuna haki ya kuandika kisa hicho hata kidogo. Wawili walisema hapana. Mmoja alisema kwamba Kanisa husoma Mateso ya Bwana kila mwaka mbele ya Mama yake, kwa hiyo la msingi ni namna. Hatukuafikiana, na hata leo hatujaafikiana.

Mwenzetu aliandika upya, safari hii akitunga kila kitu, shule, barabara na mvulana mmoja. Mvulana amekaa dirishani. Amechonga penseli pande zote mbili. Anamwomba jirani yake kifutio, jirani anamwambia ngoja kwanza nimalize kurudia hesabu hii, naye anangoja. Basi linaingia kwenye kona. Hapo aya inakatika. Aya inayofuata iko shambani, mwanamke anapalilia maharage, ananyoosha mgongo, anaweka kiganja juu ya macho ingawa jua halijatoka. Kisha sentensi tatu za -li-. Aliweka jembe chini. Alifunga kanga kiunoni. Aliteremka.

Siku mbili kabla ya kurudi seminarini tulikwenda nyumbani kwa mama yule tukamsomea, sebuleni, wajukuu wakiwa wamelala. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Tulipomaliza hakusema nzuri wala mbaya.

"Yule wa kifutio," aliuliza, "mmempa jina gani?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumempa.

"Mpeni," akasema, akainuka kwenda kutengeneza chai.